Kwa Mabinti Mnaojifunza Kuandikia Jukwaa

Wanangu,

Kwa miaka mingi nimefundisha sanaa za maonyesho, na kabla mwanafunzi hajaandika hata mstari mmoja nilikuwa nikimwuliza: ujumbe wa tamthilia yako ni upi? Binti mmoja aliniletea onyesho la mwanamke anayechagua mchele kwenye ungo, akitenga mawe kimya kimya huku mashemeji zake wakigawana mali ya marehemu sebuleni. Nilimtaka aeleze lengo, naye akayafuta mawe yale na kuweka hotuba juu ya mirathi. Mchezo ukafa mikononi mwangu, na hilo linaniuma hadi leo.

Aliyenifumbua macho ni María Irene Fornés, mwandishi na mwalimu wa tamthilia wa Marekani. Alizaliwa Havana, Kuba, mwaka 1930, akahamia New York mwaka 1945 na mama yake na dada yake, akajifunza uchoraji kabla hajawa mwandishi. Inasimuliwa kwamba alipoanza kuandika alifungua kitabu cha mapishi, akachukua neno la kwanza la kila sentensi, akafuata maneno hayo kokote yalikompeleka.

Mwaka 1981 alianza kuwafundisha waandishi Walatino, yaani Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, katika jumba la maonyesho la INTAR, mjini New York. Walianza kwa kunyoosha viungo, kisha wakaketi, wakafumba macho, naye akawaongoza taratibu hadi kila mmoja amwone mtu na mahali alipo. Ndipo waliposhika kalamu. Humo walipita Cherríe Moraga, Migdalia Cruz na Nilo Cruz, ambaye mwaka 2003 alikuwa Mlatino wa kwanza kupata Pulitzer ya tamthilia, tuzo kubwa ya uandishi nchini Marekani. Kazi zao hazifanani, na kwangu hiyo ndiyo sifa kubwa ya mwalimu wao.

Sisemi kwamba ujumbe ni kosa. Kikundi cha maigizo cha El Teatro Campesino, kilichoanzishwa na Luis Valdez huko California mwaka 1965, kiliigiza juu ya malori mbele ya wachuma zabibu waliogoma, na pale ujumbe ulihitajika siku ileile. Lakini hata wale walianza na watu waliowajua kwa sura.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla hamjashika simu, nyoosheni migongo, fumbeni macho, mngojeni mhusika aje, kisha andikeni kwanza kile ambacho mikono yake inafanya.

Mwalimu wenu