Kinacholiwa ni weupe, si mninga

Mhariri,

Msomaji mmoja alilalamika katika ukurasa huu kwamba mninga wa siku hizi si ule wa zamani, maana kitanda chake kimeanza kumwaga unga kabla ya mwaka kwisha. Mimi ni seremala hapa Tabora, nimeshika randa miaka 26, naomba nimjibu.

Mninga ni uleule. Tazama gogo lililokatwa: nje kuna duara jeupe, ndani kuna kiini cha kahawia chenye wekundu. Kiini hicho mchwa hawakiwezi, wala bungua, yaani wadudu wanaotoboa mbao na kuacha unga. Weupe ndio chakula chao. Zamani tuliuchana ukaenda jikoni. Leo mbao ni ghali, basi unapakwa rangi, unapigwa vanishi, mteja anaambiwa ni mninga mtupu.

Nami sijifanyi malaika. Niliwahi kumtengenezea mama mmoja kabati, nikaacha ukanda wa weupe nyuma ya mlango, nikijipa moyo kuwa nani atachungulia huko. Mwezi wa nane akapiga simu: "Fundi, njoo uchukue unga wako." Mlango ule niliubadilisha kwa fedha yangu.

Kwa hiyo ukienda kununua, usitazame kichwa cha kitanda. Hicho kimeshapambwa. Geuza chaga, chomoa droo, angalia pale ambapo brashi ya vanishi haikufika.

Sifa za mninga hazijapungua. Mbao yake ikikauka sawasawa haina ukorofi wa kuvimba na kusinyaa. Mlango niliouweka wakati wa masika hadi leo unafunga bila kugugumia. Randa inapita kwa ulaini. Ubaya wake ni vumbi tu, linawasha pua vibaya sana, siku hizi sipigi msasa bila barakoa.

Bei nayo isitarajiwe kushuka. Mche wa mninga porini hunyauka juu kila kiangazi, mwaka hadi mwaka, huku ukijijengea mzizi chini, ndipo baadaye uinuke. Huo si mkaratusi.

Yule msomaji asikitupe kitanda. Agongegonge na kukwaruza kwa kisu: palipo pekundu na pagumu pako salama. Akikileta kwa fundi yeyote mwaminifu, atabadilishiwa vipande vyeupe peke yake.

Fundi seremala,
Tabora