Namba uliyonayo ni ya rekodi, utunzi wako bado hauna

Wiki iliyopita alikuja hapa studio kwetu, Sinza, kijana mmoja anayewaandikia wasanii nyimbo. Wimbo wake mmoja umerekodiwa na watu watatu tofauti, unapigwa kwenye harusi na kwenye daladala, lakini mirabaha ya utunzi hajaiona. "Mbona namba ninayo, kaka?" akasema, akafungua simu. Namba aliyotuonyesha ilikuwa ISRC, yaani namba ya kutambulisha rekodi, ya toleo moja tu, na haikuwa inamhusu yeye kama mtunzi.

Kosa hili tunaliona kila mara, na linatuuma kwa sababu anayeumia ni yule aliyekesha na kalamu.

Sheria yetu ya mwaka 1999 inaitwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki. Ni maneno mawili kwa sababu ni haki mbili. Mtunzi wa maneno na melodi ana hakimiliki. Aliyeimba na aliyegharamia rekodi wana hakishiriki. Namba nazo zimegawanyika hivyo hivyo.

ISRC ni ya rekodi, yaani sauti ile iliyotoka studio siku ile. Ina herufi na tarakimu 12, na kwa kawaida unapewa na msambazaji anayekupandishia wimbo Boomplay au Spotify. Ikianza na QZ usishtuke. Hizo ni herufi za Marekani, na maana yake ni kwamba namba imetolewa kupitia huko. Wimbo unabaki wa Dar. Tarakimu mbili za mwaka nazo zinaonyesha mwaka namba ilipotolewa, hata kama ulirekodi zamani.

Ukifanya remiksi, ukirekodi laivu, au ukitoa toleo la singeli, kila moja linahitaji ISRC yake. Video pia ina yake. Lakini ukihama msambazaji na rekodi ni ile ile, hama na namba ile ile! Tumeshapokea msanii aliyepewa namba mpya bila kujua, rekodi moja ikawa inahesabiwa kama mbili, na idadi ya wasikilizaji wake ikagawanyika.

ISWC ndiyo ya utunzi. Huanza na T, zikafuata tarakimu tisa na moja ya uhakiki. Chukua Malaika: ameuimba Fadhili William, akauimba Miriam Makeba, wakauimba Boney M. Kila rekodi inastahili ISRC yake, lakini utunzi ni mmoja, na namba ya utunzi haibadiliki kwa sababu mwimbaji amebadilika. Kijana wetu wa juzi alikuwa anahitaji hiyo.

Msambazaji wa kawaida hakupi ISWC. Inapitia kwa vyama vya kukusanya mirabaha vilivyo kwenye mtandao wa CISAC, shirikisho la kimataifa la vyama vya watunzi, na haitolewi mpaka watunzi wote wajulikane. Hapo ndipo kwetu mambo hukwama. Biti ameitengeneza prodyuza, kiitikio kaleta rafiki, ubeti wa pili umeandikwa na aliyeshirikishwa, na hakuna karatasi hata moja. Wimbo ukishapata jina, kila mtu anakumbuka asilimia yake kivyake.

Tena hakuna hata moja kati ya namba hizi iliyo hati ya umiliki. Zinatambulisha tu kazi, ili malipo yajue pa kwenda. Ushahidi wako ni makubaliano yaliyoandikwa na kusainiwa.

Kwa hiyo siku hizi hatufungi kazi ya mteja kabla hatujajaza karatasi ya mgao pale pale studio, wote wakiwepo. Kama una nyimbo za zamani, njoo nazo pamoja na majina kamili ya wote walioandika, jinsi yalivyo kwenye vitambulisho vyao, na ISRC za matoleo yote unayoyajua. Tutakaa na wewe tuzipange, toleo kwa toleo, kisha tukuandalie taarifa za kupeleka kusajili utunzi.