Kihisi kutong'aa si uthibitisho kuwa maji ni salama

Mhariri,

Nimeisoma kwa furaha makala yenu kuhusu vihisi vya molekuli vinavyotambua metali nzito katika maji, ila sentensi moja imenilazimu kushika kalamu: ile isemayo kwamba sampuli isipong'aa, maji hayo hayana madhara. Hilo si kweli.

Molekuli hizi huwa na sehemu mbili, moja ya kunasa ioni ya metali, yaani atomu yake yenye chaji ya umeme, na nyingine ya kutoa mwanga inapomulikwa. Katika muundo uliozoeleka, elektroni ya sehemu ya kwanza huhamia ya pili na kuuzima mwanga huo. Ioni ikinaswa, uhamaji huo huzuiwa na molekuli huanza kung'aa. Ni ufundi wa kupendeza, nami nimeufundisha kwa miaka bila kuuchoka.

Lakini kinachonaswa ni ioni iliyo huru. Risasi iliyoshikamana na chembe za kutu za mabomba, au zebaki iliyofungamana na mabaki ya mimea iliyooza, hujificha mbele ya kihisi mpaka sampuli itayarishwe kwanza kwa asidi, ilhali mnywaji huimeza pamoja na chembe zake, na asidi ya tumboni mwake yaweza kuiachilia. Isitoshe, shaba huzima mwanga wa molekuli nyingi za aina hii, hivyo maji yenye risasi na shaba kwa pamoja yanaweza kubaki giza kama maji safi.

Kuna pia suala la kiwango. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 za risasi kwa lita moja ya maji ya kunywa, na 3 tu za kadimiamu, metali nyingine nzito yenye sumu. Vihisi vingi vinavyosifiwa vimejaribiwa katika maji yaliyochanganywa na vimumunyisho vya maabara, kwa viwango vikubwa kuliko hivyo, wala si katika maji ya kisima yenye tope na chumvi zake.

Sivipingi vihisi hivi. Ni vya bei nafuu kuliko mitambo ya maabara, na vinafaa sana kuonyesha ni visima vipi vianze kupimwa. Ninachoomba ni kwamba kila tangazo la kihisi kipya litaje kiwango cha chini kabisa kinachoweza kuonekana, na kwamba sentensi ile isahihishwe katika toleo lijalo, kabla msomaji hajaitumia kuamua maji ya kumpa mtoto.

Mwalimu wa kemia