Mwenye Timu Yako Ndiye Mwenye Yangu

Lowell, Massachusetts
12 Januari 2025

Ndugu yangu Hamisi,

Assalaam aleykum. Voisi yako ya dakika sita niliisikiliza juzi nikiwa zamu ya usiku, nikacheka peke yangu kwenye korido mpaka nesi akatoa kichwa kuchungulia kuna nini. Dakika sita nzima ni Salah tu! Hata hali ya mama hukunipa, na wewe unakaa naye mtaa mmoja. (Nimempigia mwenyewe. Hajambo, anasema hujampelekea ule mchele.)

Nimekuelewa lakini. Mkataba unaisha kiangazi hiki, mtu anafunga karibu kila wiki, Liverpool iko kileleni, na wenye timu wamekaa kimya kama mtu anayesubiri bei ya nyanya ishuke. Halafu ukamalizia kwa kunichokoza: wewe na besiboli yako, mbona umenuna na wakati haichezwi?

Hayo hayaingii kwenye voisi, ndiyo maana naandika. Nimenuna, Hamisi, kwa sababu mwenye timu yako ndiye mwenye yangu. Wale Fenway Sports Group walioinunua Liverpool mwaka 2010 wana Boston Red Sox tangu 2002. John Henry, bosi wao, ni yule yule. Tom Werner, mwenyekiti wenu, ndiye mwenyekiti wetu. Homa unayoiugua leo mimi iliniangusha miaka mitano iliyopita.

Na hasira ya besiboli ni ya baridi, hilo nalo ujue. Msimu wa kawaida una mechi 162. Ukifungwa leo, kesho jioni mnacheza tena, hasira haipati hata pa kukaa. Sasa ligi ikiisha mwishoni mwa Oktoba, mpaka Machi hakuna mpira. Nje theluji, ndani unasoma habari za nani kauzwa, nani kasajiliwa, nani kaachwa aende zake. Hapo ndipo uongozi unapotuua, taratibu.

Mchezo wenyewe nilifundishwa na mzee mmoja pale ninapohudumia wazee. Alikuwa anasikiliza redio huku akiandika mechi nzima kwa penseli, kila mpigaji na kisanduku chake. Mpigaji akitolewa kwa straiki tatu, yaani kukosa mipira mitatu mizuri, unaandika K. Akitolewa amesimama tu anautazama mpira unapita, bila hata kuzungusha gongo, unaiandika ile K imegeuka, inatazama nyuma. Niliipenda alama hiyo kuliko mchezo wenyewe. Mwaka 2018 tuliandika pamoja karibu kila mechi iliyoangukia zamu yangu, na mwaka ule Boston walishinda 108, wakachukua ubingwa mbele ya Los Angeles Dodgers. Kisanduku cha kwanza kilikuwa cha Mookie Betts: wastani wa kupiga .346, homu rani 32 (mpira kupigwa mpaka nje ya uwanja), besi 30 za kuiba (kukimbilia kituo cha mbele bila mwenzake kupiga), mchezaji bora wa ligi yao. Walimchukua mwaka 2011 akitoka sekondari, wakamlea wenyewe.

Februari 2020 wakamtoa.

Sikiliza hesabu zao. Ligi ina mstari wa mishahara, na klabu ikiuvuka inatozwa kodi ya anasa. Mwaka 2020 mstari ulikuwa dola milioni 208. Boston walikuwa wameuvuka 2018 na 2019, na anayeuvuka mwaka wa tatu mfululizo hulipa asilimia 50 ya kila dola iliyozidi. Ukirudi chini mwaka mmoja tu, unaanza upya kama mtu asiye na deni. Betts alikuwa amebakiza mwaka mmoja kabla ya kuwa huru kwenda timu aitakayo. Basi wakamfunga furushi moja na mrushaji David Price, ambaye alikuwa bado anadai milioni 96, wakawapeleka wote wawili kwa Dodgers, na nusu ya mshahara wa Price bado wakailipa wao. Wakapata vijana watatu: Alex Verdugo, Connor Wong na Jeter Downs. Huyo Downs alipewa jina la Derek Jeter, nahodha wa zamani wa Yankees, mahasimu wetu wakubwa. Ni kama Simba wamuuze nyota wao wapewe mtoto anayeitwa Yanga.

Mzee alizima redio. Akanisimulia ya Babe Ruth, aliyeuzwa kwa Yankees, habari ikatangazwa Januari 1920. Baada ya hapo Boston walikaa bila ubingwa mpaka 2004, na ukihesabu toka ubingwa wa 1918 ni miaka 86. Karne moja kamili, alisema, na hawajajifunza.

Mimi simwiti mwenye duka mchoyo kwa kuwa tu anahesabu. Tena hawa wametuletea ubingwa mara nne, 2004, 2007, 2013 na 2018, na aliyekata ile njaa ya miaka 86 hawezi kuwa mjinga. Kinachoniuma ni kwamba pesa ilikuwepo. Wangesema hatutaki kulipa, ningenuna wiki mbili yakaisha. Wao wakaja na lugha ya timu kujijenga kwa muda mrefu, kubaki na nafasi ya kupumua kwenye bajeti. Sasa mimi shabiki nafasi ya kupumua naifanyia nini? Naipeleka wapi Jumamosi? Nimlee mtu miaka tisa, akifika kilele chake niambiwe amekuwa ghali, na aliyempandisha ghali ni ubora wake mwenyewe.

Dodgers hawakuona ghali. Julai ile ile, kabla Betts hajawachezea hata mechi moja ya ligi, walimpa miaka 12 kwa dola milioni 365.

Oktoba Mzee akaniomba nimwekee fainali, Dodgers na Tampa Bay Rays. Mechi ya sita, mrushaji wa Rays, Blake Snell, alikuwa moto: amewatoa tisa kwa straiki tatu, amerusha mipira 73 tu. Awamu ya sita kati ya tisa, bao ni moja bila, Rays wanaongoza. Anapigwa pigo dogo moja, kocha anatoka kumtoa, kwa sababu hesabu zao zinasema mrushaji asikutane na wapigaji wale wale mara ya tatu. Anayefuata kupiga ni nani? Betts. Akaipiga ikaenda besi mbili, mambo yakafumuka, Dodgers wakaongoza, na awamu ya nane akaongeza homu rani. Ubingwa. Na bosi wa usajili aliyesimamia kuondoka kwake Boston, Chaim Bloom, alikuwa ametoka nyumba hiyo hiyo ya Rays mwaka mmoja kabla. Mzee aliandika kisanduku cha Betts taratibu sana, akakaza penseli mpaka karatasi ikatoboka. Boston mwaka ule walishika mkia wa kundi lao.

Yaliyofuata nitayapitia mbio. Desemba 2022 Xander Bogaerts, naye wa kulelewa pale pale, akaenda San Diego. Bloom akafukuzwa Septemba 2023. Novemba Werner akatangaza kwamba safari hii watakanyaga mafuta mpaka chini. Tukafunga mikanda! Desemba wakamtoa Chris Sale, yule aliyemtoa mpigaji wa mwisho wa fainali ya 2018, wakampeleka Atlanta na milioni 17 juu kusindikiza. Huko Atlanta Sale akawa mrushaji bora wa ligi yao 2024. Sisi tukamaliza tumeshinda 81, tumepoteza 81. Hata ukipanga makusudi huwezi.

Lakini ya mwaka jana ndiyo iliyonimaliza. Verdugo, yule tuliyepewa badala ya Betts, Boston walikuwa wameshamtoa kwenda Yankees. Oktoba 30, Yankees na Dodgers, mechi ya tano ya fainali. Mtu wa mwisho kusimama na gongo ni Verdugo. Anayerusha ni Walker Buehler. Straiki tatu, K ya kawaida, kwa sababu angalau alizungusha gongo. Betts akakimbia kwenda kukumbatiana na wenzake. Halafu Desemba Boston wakamsajili nani? Buehler. Mwaka mmoja, milioni 21 na ushee. Sijui nicheke.

Desemba hiyo hiyo wamemleta Garrett Crochet kutoka Chicago, mrushaji wa mkono wa kushoto, kijana, mkali haswa, kwa kutoa chipukizi wanne. Nimefurahi, usidhani mimi ni wa kununa tu. Ila nimekwishahesabu: wanaye mpaka 2026, kisha atakuwa huru. Unaona ugonjwa walioniachia? Mchezaji hajavaa hata kofia, mimi natafuta tarehe ya kumlilia.

Kwa hiyo Salah wako sina la kukuahidi. Wakati mwingine wanalipa. Ila siku ukisikia neno lolote linalofanana na nafasi ya kupumua, anza kuaga.

Jambo moja dogo. Mwaka 2018 nilimnunulia mwanangu Zuhura jezi nyeupe ya nyumbani, namba 50, ya Betts. Ilikuwa inamfika magotini, ikakaa kabatini. Wiki iliyopita kaitoa mwenyewe, imemkaa sawasawa. Jezi za nyumbani za Boston hazina jina mgongoni, ni namba tu, na 50 siku hizi anaivaa mrushaji Kutter Crawford. Zuhura anaamini nilimnunulia ya Crawford, na kaenda nayo shule anajidai. Sijamwambia kitu.

Mpelekee mama ule mchele. Na Salah akisaini nipigie, hata kama huku ni usiku wa manane, nitakuwa zamu.

Wako,
Salimu