Wa Burma tuwataje kwa batalioni zao

Mhariri,

Kila ifikapo Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, tunaambiwa kwamba babu zetu walipigana vita vya Wazungu, basi. Naomba twende mbele zaidi: wale waliopelekwa Burma (leo Myanmar) katika Vita vya Pili vya Dunia tuwataje kwa batalioni zao, yaani vikosi walimotumikia.

Mwaka 1939 King's African Rifles, jeshi la askari Waafrika chini ya Waingereza ambalo wazee waliliita Keya, lilikuwa na batalioni chache tu. Vita vilipopamba moto Waingereza waliunda nyingine mfululizo, hadi zikapita 40. Namba zenyewe zinaonyesha chimbuko: Batalioni ya 6 ilikuwa ya Tanganyika, zikaja ya 26 na ya 36, ya 4 ilikuwa ya Uganda, zikaja ya 34 na ya 44.

Vijana wa kuzijaza walipatikanaje? Wapo waliojiandikisha wenyewe kwa sababu ya mshahara, maana kodi ilikuwa inawasubiri nyumbani. Wapo waliotolewa na machifu walioagizwa kupeleka watu, na hao hakuna aliyewauliza kama wanataka. Hapa ndipo masomo yetu ya historia yanapopita mbio, na mimi naona hapa ndipo pa kutulia.

Mwaka 1943 iliundwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, kundi kubwa la batalioni kadhaa, ikapelekwa Ceylon (leo Sri Lanka), kisha Burma. Batalioni za 26, 34, 36 na 44 zilikuwamo. Mwaka 1944 askari hao walipigana na Wajapani katika Bonde la Kabaw, kwenye mvua, matope na malaria, na Desemba wakavuka Mto Chindwin. Wengine hawakufika hata Ceylon: Februari 12, 1944 nyambizi ya Kijapani iliizamisha meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Waliorudi walilipwa kiinua mgongo kwa kuangalia rangi. Hilo linaniuma hadi leo.

Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, ya mwaka 1927, ni ya vita vya kwanza. Hawa wa Burma halmashauri zetu ziwaandike majina, kata kwa kata, sasa hivi, kwa kuwa hata watoto wao wamekuwa wazee. Medali na picha zilizobaki kwenye masanduku ya familia zipigwe picha na kuhifadhiwa. Shule za sekondari zinaweza kuanza muhula huu: kila mwanafunzi amuulize mzee wa ukoo wake nani alikwenda, alichukuliwa na nani, na alikuwa batalioni ya ngapi.

Mwalimu wa historia,
Singida