Barua kwa mdogo wangu aliye Riyadh

Assalaam aleikum mdogo wangu.

Kila ukipiga simu unaniuliza "kwema huko?" nami najibu kwema, sote wazima. Nikikuuliza kazi, unaniambia kazi nzuri, Alhamdulillah. Halafu tunakata simu, kila mmoja amemficha mwenzake mambo yake. Najua hatuko peke yetu. Hapa Kisauni, Mombasa, ukivuka Likoni, ukienda Kilifi na Kwale, hata bara kule Bungoma na Kakamega, nyumba zilizo na binti anayefanya kazi za nyumbani Saudia ni nyingi, na simu zao ni hizo hizo. Ndiyo maana barua hii nimeamua niiandike wazi, iwafikie na mama wengine wanaolea watoto wa dada zao. Jina lako silitaji, na la mwanao silitaji.

Nianze na huyo mwanao, kwa kuwa yeye ndiye aliyenikalisha chini kuandika.

Ameingia Gredi ya 10, mwaka wa kwanza wa sekondari pevu. Wewe uliondoka akiwa sekondari msingi, bado anasukwa nywele na mimi siku za Jumapili. Sasa ananizidi kimo. Darasa lake ndilo lile la kwanza la mtaala mpya, na sidhani wakubwa wanaelewa hilo lilikuwa na maana gani kwa watoto wenyewe. Kila gredi waliyoingia, wao ndio waliotangulia. Walipofika Gredi ya 4 mwaka 2020, shule zikafungwa mwezi wa tatu kwa sababu ya korona. Walipomaliza Gredi ya 6 mwaka 2022, mpaka Disemba wazazi tulikuwa hatujajua Gredi ya 7 itasomewa wapi, kisha ikaamuliwa wabaki pale pale kwenye shule za msingi. Vitabu viliwafuata nyuma, walimu waliwafuata nyuma. Wewe ulikuwepo miaka ya kwanza, unakumbuka tulivyokuwa tukizunguka usiku kutafuta chupa tupu na vipande vya vitambaa vya kazi zake za shule, na pesa za kuchapisha picha kwa saiba, pale penye kompyuta za kulipia. Mtoto amepita humo mote na hakuvunjika moyo. Nataka ulijue hilo kabla ya kuuliza alama.

Alama zake ni nzuri. Matokeo ya KJSEA, mtihani wa kumaliza Gredi ya 9, yalipotoka Disemba, nilikutumia picha na ukalia kwenye simu. Ambalo sikukuelezea vizuri ni mkondo. Sekondari pevu ina mikondo mitatu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Michezo. Yeye amechagua STEM. Mwanzoni nilimwogopea kwa sababu ya hisabati, lakini baada ya wazazi kulalamika mwaka 2025 serikali ilishaamua kila mwanafunzi aisome, wa STEM wasome ile nzito na wengine ile nyepesi. Kwa hiyo kuikimbia hakungewezekana. Nilimuuliza anataka kuwa nani, akaniambia hajui bado, ila anapenda kujua jinsi vitu vinavyofanya kazi. Nikaliona jibu hilo ni la mtu mzima.

Sasa tufike pale tulipokosana.

Ulisema apelekwe shule kubwa ya bweni, na kwamba karo isinipe shida, utaongeza mkataba miaka miwili mingine. Karo ya shule hizo kubwa ni shilingi 53,554 kwa mwaka, na hapo hujagusa sanduku, godoro, sare, nauli na pesa za matumizi. Shule ya kutwa serikali inatoa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi, mzazi anabaki na chakula cha mchana, sare na vitu vidogo vidogo. Mimi nimesema kutwa, na bado nasema kutwa. Usidhani nakuonea huruma ya pesa peke yake. Mtoto huyu ana mama aliye mbali. Nikimpeleka bweni atakuwa mbali na mama wawili. Ana umri ambao msichana akirudi nyumbani jioni lazima awepo mtu wa kumtazama uso na kujua siku yake ilikuwaje. Hilo mimi naliweza. Karo ya bweni siiwezi, na wewe ukiiweza utakuwa umeilipa kwa miaka miwili ya kutomwona.

Tena yeye mwenyewe kasema. Nilikuwa nakanda unga wa mahamri usiku, akaja akakaa kwenye kibao cha mbuzi akaniambia, "Mamkubwa, mwambie mama mimi sitaki awe anakaa kule kwa ajili ya shule yangu." Nilimwambia akwambie mwenyewe. Akasema akikwambia utalia, na ukilia atashindwa kulala. Basi nakwambia mimi.

Nyumbani kwetu kuna jambo jingine ambalo huwa nalipitia mbali kwenye simu. Unapomtumia binti yako viatu na simu, wangu wanatazama. Yule wa kiume alinuna wiki nzima. Nimemkalisha nikamweleza kwamba yule mwenzake anapata viatu na kakosa mama, yeye kapata mama na kakosa viatu, achague. Alinyamaza. Lakini ni watoto, na wanakula sahani moja. Ukituma, tuma kidogo kwa wote, au tuma pesa nami nitagawa. Hata peremende pakiti moja inatosha.

Mama hajambo. Presha ipo, dawa anameza. Ile SHA, bima ya afya ya serikali, uliyomlipia ya mwaka imesaidia, maana tangu ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, sisi tusio na mshahara tunakadiriwa kipato chetu kisha tunalipa ya mwaka, na kwa mwezi haiwezi kushuka chini ya shilingi 300. Ukiangalia shilingi 300 unaiona ndogo. Ukiipigia hesabu ya mwaka mzima na mtu anauza mbaazi asubuhi, unaiona vizuri. Mungu akuzidishie kwa hilo.

Nikisikiliza redio nachoka moyo, mdogo wangu. Wanasema Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 mwaka 2024, na Saudia ni miongoni mwa nchi zinazotuma nyingi. Wanaifurahia hesabu hiyo, na mpango wa serikali wa Kazi Majuu, wa kupeleka watu kazini nje, unaendelea kuwaita vijana wengine waende. Mimi siwakatazi watu kwenda. Wewe ulikwenda kwa sababu hapa ulikuwa unafua nguo za watu ukalipwa pesa ya unga na nauli. Lakini katika hesabu ile ya mabilioni sisikii mahali panapotajwa nani anaamka saa kumi alfajiri kumtayarisha mtoto wa kadama, yaani mtumishi wa nyumbani huko Uarabuni, nani anakwenda mkutano wa wazazi, nani anamshika mkono anapovunja ungo mama yake akiwa hayupo. Pesa hizo zina kazi ya wanawake wawili ndani yake. Mmoja anasafisha nyumba ya watu Riyadh, na mwingine analea Kisauni ili yule wa Riyadh aweze kusafisha. Anayetaka kuwasifu kadama kwenye hotuba aseme pia shule za watoto wao zina walimu wangapi, na ubalozi una watu wangapi wa kupokea simu binti anapopiga usiku.

Nawe nataka ukumbuke haki zako, maana najua kule unanyamaza ili usiitwe mkorofi. Sheria yao kuu ya kazi haiwahusu wafanyakazi wa nyumbani, na hata yale mageuzi ya Machi 2021 yaliwaacha nje. Lakini kanuni mpya za wafanyakazi wa nyumbani zilizoanza kutumika Oktoba 2024 zinakuhusu wewe. Kazi isizidi saa 10 kwa siku. Upate saa 8 za kupumzika mfululizo. Kila wiki siku moja nzima ya mapumziko. Pasipoti ni yako, kafili, yaani mwajiri wako, haruhusiwi kuishika. Mishahara ya mikataba mipya kuanzia Julai 2024 ipitie Musaned, ule mfumo wa mtandaoni wa serikali yao wa wafanyakazi wa nyumbani, iingie kwenye akaunti ionekane. Sikuambii ugombane na madam. Nakuambia uyajue, na siku ya mapumziko uidai kwa adabu lakini uidai, kwa sababu hiyo ndiyo siku unayoweza kuzungumza na mwanao zaidi ya dakika tano ukiwa umejificha jikoni.

Ramadhani inakaribia na najua ilivyo huko. Mchana nyumba imelala, usiku wageni, sufuria haziishi, na kulala kwako kunakuwa vipande vipande. Mwaka jana sauti yako ilikuwa imekauka mpaka Eid. Safari hii ukizidiwa sema mapema, usisubiri uanguke. Na ukiona pametisha, ondoka hapo uende ubalozini au upige simu nyumbani. Hakuna mtu hapa atakayekuuliza kwa nini umerudi mikono mitupu. Mama amesema hilo kwa mdomo wake, na akasema nikuandikie.

Wapo watakaokupigia kukuuliza. Wanaokuomba matofali, wanaokuomba mtaji wa bodaboda, wanaokukumbusha kiwanja cha Utange kama vile wewe ni benki. Waambie wazungumze nami. Nitawajibu.

Lililobaki ni la mkataba. Umeniambia wanataka utie sahihi mapema, kabla miaka yako miwili haijatimia. Usitie. Kanuni hizo hizo zinasema ukimaliza miaka miwili na ukataka kuendelea miwili mingine, una likizo ya mwezi mmoja yenye mshahara. Kwa hiyo hata kama umeshaamua kurudi tena huko, njoo kwanza. Uje ukae na binti yako, umsikilize, uione shule anayosoma kwa macho yako, ukutane na mwalimu wake wa darasa, kisha tukae mimi, wewe na Mama tuamue pamoja. Ukiamua kurudi baada ya hapo, nitakufungia mizigo mwenyewe na mtoto nitaendelea kumlea kama wangu. Uamuzi huo usiufanye peke yako usiku kwenye chumba cha watu, umechoka, karatasi iko mezani.

Muhula wa kwanza unafungwa mapema mwezi wa nne na watoto wanakaa nyumbani wiki kadhaa. Nitumie picha ya ukurasa wa mkataba wenye tarehe, ule wa Kiarabu na ule wa Kiingereza pia, yule jirani yetu aliyesoma madrasa Lamu atanisomea. Tukijua siku yenyewe, tutajua kama likizo yako na ya binti yako zinaweza kukutana. Na Ijumaa hii piga baada ya isha kwa saa za hapa, nitamwachia simu yeye, mimi nitatoka nje kidogo.

Dada yako, Kisauni