Zile mbio za snobodi ulizosema ni vurugu

Mambo vipi ndugu yangu, mzima? Mi niko poa. Ile meseji yako kwamba snobodi krosi, yaani mbio za kushuka mlima wa theluji ukiwa umesimama juu ya ubao, kwenye njia yenye matuta na jampu, ni watu kusukumana tu imenikaa kichwani, nikasema hapana, hili lazima nikuandikie kwa urefu maana mchezo huu naupenda mno.

Kwanza hakuna majaji wa kutoa maksi. Mwanzoni kila mtu anashuka peke yake anapimwa muda ili wapangwe, baada ya hapo saa haina kazi, wanaingia wanne wanne (Olimpiki za Sochi 2014 na Pyeongchang 2018 waliingia mpaka sita, wakasonga watatu), wawili wa kwanza wanasonga mbele, waliobaki kwaheri. Na ukimsukuma mwenzio makusudi unaadhibiwa, kwahiyo hiyo vurugu unayosema wala hairuhusiwi.

We angalia pale getini. Mchezaji anashika vishikio viwili, anajivuta nyuma, geti likishuka tu anajirusha kwa nguvu za mikono, alafu yale matuta ya mwanzo anayameza kwa magoti, anakunja ananyoosha anakunja, maana akirushwa juu hewani spidi inapotea. Kitu kingine ambacho wengi hawakioni, anayeongoza ndo anawapasulia wenzake upepo, wa nyuma yake anateleza kirahisi mpaka anachomoka pembeni na kumpita. Ndo maana mi sishangilii mtu katikati ya njia hata kama kawaacha.

Muulize Lindsey Jacobellis wa Marekani. Torino 2006, mara ya kwanza mchezo huu kuwepo Olimpiki, fainali ilikuwa yake kabisa, kwenye jampu ya pili kutoka mwisho akashika ubao hewani kwa mbwembwe, akadondoka, Tanja Frieden wa Uswisi akapita na dhahabu. Vancouver hakupata kitu, Sochi hakupata, Pyeongchang akawa wa nne. Aisee mi ningeshaacha zamani! Yeye akarudi Beijing 2022 akiwa na miaka 36 na akashinda. Alafu akachukua na ya pili kwenye timu mchanganyiko akiwa na Nick Baumgartner, miaka 40, ambaye kwenye mbio zake binafsi alitolewa robo fainali akalia mbele ya kamera. Kwenye timu mwanaume anatangulia, na geti la mwanamke linafunguka kulingana na alivyofika mwenzake, Lindsey akamaliza mbele ya Michela Moioli wa Italia. Mi hapo nilisimama kabisa.

Ukipata bando tafuta fainali ya wanaume ya Beijing hiyohiyo, Alessandro Hämmerle wa Austria na Eliot Grondin wa Kanada walifika mstarini karibu sawa mpaka ikabidi picha iangaliwe. Usiruke mbele, itazame toka getini, alafu nijibu.

Wako daima.